Mbili Bila: Juu ya Kusoma Matokeo ya Michezo

Miongoni mwa mambo ambayo walinzi wa lugha huyapita bila kuyatupia jicho ni namna matokeo ya michezo yanavyosomwa kwa sauti mbele ya watu. Tumeandika mengi, na kwa haki, juu ya istilahi za sayansi, juu ya lugha ya mahakama na juu ya lugha ya kufundishia. Lakini mtoto wa Kitanzania husikia mabao na nafasi za wakimbiaji zikitangazwa mara nyingi kuliko asikiavyo hukumu ya mahakama, na hapo ndipo anapojifunza, bila ya kufundishwa, ni lugha ipi inayostahili kubeba habari nzito na ipi inayofaa kwa porojo tu. Hoja yangu ni nyepesi kuielewa ingawa najua haitampendeza kila mtu. Anayezungumza na watu kwa Kiswahili awasomee matokeo kwa Kiswahili. Anayezungumza nao kwa Kiingereza awasomee kwa Kiingereza kilicho kamili. Hiki tunachokisikia viwanjani leo, cha kumalizia sentensi ya Kiswahili kwa vipande vya tarakimu za Kiingereza, si lugha hii wala si ile.

Nauchukua mfano wa Karatu na Ngorongoro kwa sababu ni mahali ambapo jambo hili linaonekana waziwazi kuliko mahali pengi. Wilaya ya Karatu ni makutano ya lugha ambayo wataalamu husafiri kutoka mbali kuja kuyachunguza. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi. Kimaasai na Kidatoga ni vya jamii ya Kinilo. Kando ya Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao lugha yao yenye midoko haijapatiwa ndugu anayekubaliwa na wote. Kisha wako wasemaji wa lugha za Kibantu, wa asili ya hapo na wa kuja, baadhi yao waliovutwa na mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Wakusanye watu hao pembezoni mwa kiwanja kimoja siku ya mashindano ya shule, nao wana lugha moja tu ya kushangilia pamoja. Lugha hiyo haikuletwa na tangazo la serikali peke yake. Waliijenga wenyewe minadani, zahanati, shuleni na katika magari ya abiria.

Nilihudhuria mashindano ya namna hiyo, katika kiwanja na mwaka nisioutaja. Mtangazaji, kijana mwenye sauti nzuri, aliwakaribisha wazazi kwa Kiswahili, akawaomba wasivuke kamba kwa Kiswahili, akamtafuta mwenye ng'ombe aliyeingia uwanjani kwa Kiswahili. Ulipofika wakati wa matokeo akabadilika kama mtu aliyevaa koti la kukodi. Nafasi zikasomwa kwa Kiingereza, muda ukasomwa kwa Kiingereza, na mabao ya mpira nayo vivyo hivyo. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo, mgolole begani, ambaye binti yake alikuwa amekimbia mita 1500. Akamgeukia mwanafunzi aliyekaa kando yake:

"Mwanangu, wamesemaje?"

"Amekuwa wa pili, mama."

"Na mbona hawakusema?"

Swali hilo sijalisikia likijibiwa katika semina yoyote ya utamaduni. Mama yule alikuwa ameelewa kila tangazo la siku ile, hata lile la ng'ombe. Alichonyimwa ni neno moja lililomhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote uwanjani.

Watetezi wa desturi hiyo wana hoja zao, nami nitazitendea haki. Ya kwanza ni kwamba Kiingereza ni kifupi. Mimi ni mtu wa mashairi, na kazi ya kuhesabu mizani nimeizoea. "Two nil", kama inavyotamkwa viwanjani kwetu, "tu nili", ni mizani 3. "Mbili bila" ni mizani 4. Kwa faida ya mizani moja tunamwacha mama wa watu nje ya furaha ya mwanawe! Tena "mbili bila", "tatu bila" na "moja bila" zote ni mizani 4 kamili, nusu ya kipande cha mizani nane, na ndiyo sababu umati huziimba bila kufundishwa na mtu. Nakubali kwamba tarakimu kubwa zinatushinda kwa urefu: "thelathini na mbili" ni mizani 7. Lakini mkimbiaji aliyetoka jasho kwa dakika nne hawezi kunyimwa sekunde mbili za pumzi ya mtangazaji.

Hoja ya pili ni kwamba Kiswahili hakina neno halisi la kutaja patupu katika michezo, ila "sifuri", ambalo ni la darasani. Hoja hii husemwa na watu wasiokijua Kiswahili wala Kiingereza wanachokisifu. Hao Waingereza wenyewe hawana neno moja. Katika mpira wa miguu husema "nil", neno lililotoka Kilatini. Katika tenisi husema "love", ambalo asili yake bado inabishaniwa na wataalamu wao. Mwanafunzi akisimama akatangaza mpira wa miguu kwa neno la tenisi, atachekwa London kama atakavyochekwa Rhotia. Na huyo anayesema "ziro" akidhani amepanda ngazi, ajue kwamba "ziro" na "sifuri" ni mtoto wa mama mmoja: neno la Kiarabu lililopita Italia kabla ya kufika Uingereza, ilhali kwetu lilifika kwa njia fupi zaidi. Sisi mpirani tunasema "bila". Neno hilo halitaji idadi, linataja kukosa. Aliyefungwa mbili bila ameondoka mikono mitupu. Wenzetu wa Kenya wana "nunge", nalo limeanza kusikika huku. Sina ugomvi nalo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo iliyonifanya niandike. Husemwa kwamba hivyo ndivyo matokeo yasomwavyo ulimwenguni, kwamba Waingereza ndio waliouandikia mchezo huu sheria, na kwamba sisi tunafuata. Basi na tutazame wanavyosoma wao. Katika redio ya BBC alikuwako msomaji wa matokeo aliyeitwa James Alexander Gordon, aliyeifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1970 hadi mwaka 2013. Waingereza walimpenda kwa jambo moja: ukimsikiliza, unayajua matokeo kabla hajayamaliza. Kanuni yao ni kuitaja timu mwenyeji na mabao yake, kisha mgeni na mabao yake, pasipo kitenzi chochote katikati. Siri yote imo katika sauti. Mwenyeji akishinda, sauti hushuka inapofika kwa mgeni. Mgeni akishinda, sauti hupanda juu ya jina lake. Wakilingana, majina yote mawili hupewa uzito unaokaribiana. Wasikilizaji walizoea kumalizia matokeo wenyewe kabla ya msomaji, kwa kufuata tu mlio wa jina la pili.

Kiswahili hakikuumbwa hivyo. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hauhami kwa sababu timu imefungwa. Kwa hiyo kile ambacho Mwingereza hukiweka kwenye sauti, sisi hukiweka kwenye kitenzi. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao matano kwa moja. Sema "Simba moja, Yanga tano" kwa sauti bapa, nawe umetoa orodha. Sema "Yanga imeifunga Simba", na habari imekwisha kufika hata kabla ya tarakimu. Mabao matano ni chumvi juu yake. Anzia upande wa pili, "Simba imefungwa", nawe umewapa pole wenye msiba kwanza. Mtendaji na mtendewa, i- ya timu na -wa ya kutendwa, vyote vinafanya kazi ambayo koo la Gordon lilifanya kwa miaka arobaini hivi. Sasa mtazame mtangazaji wetu wa kiwanjani: ameazima mpangilio wa Kiingereza usio na kitenzi, lakini hakuazima ule mpando na mshuko wa sauti unaoupa uhai, maana haukufundishwa shuleni kwake. Ameacha cha kwao na hakupata cha watu. Wazee wetu wa siasa walilipa jambo hili jina, kasumba, na sijaona sababu ya kulibadilisha.

Tena vitenzi vyetu haviishii kwenye kufunga. Timu inailaza nyingine, inaichapa, inaitandika, inaponea chupuchupu, inabanwa, inaambulia. Kila kitenzi kina kipimo chake, na wapo watangazaji waliojua kukipima. Ahmed Jongo na Halima Mchuka wa Radio Tanzania Dar es Salaam waliwafanya watu wasio na tikiti wala nauli wauone mpira kwa masikio. (Siungi mkono, lakini, mtindo wa baadhi ya vijana wa kuziua na kuzichinja timu za watoto wa shule. Bao moja bila katika mechi ya darasa la sita si machinjioni.)

Tazama utajiri ulioko pale ambapo Mwingereza ana neno moja tu. Timu zikilingana yeye husema "one all", au "nil nil", na yote kwake ni matokeo ya aina moja. Wanamichezo wetu wamezoea kutenga: zikifungana kwa idadi sawa ni sare, zisipofungana kabisa ni suluhu. Sare ni kufanana, kama sare za shule zinavyowafanya watoto mia wafanane. Suluhu ni amani: hapakutoka jeraha upande wowote. Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizochezwa Ivory Coast mwezi Januari 2024, Tanzania ilitoka sare na Zambia ya 1-1, kisha ikatoka suluhu na Kongo ya Kinshasa. Maneno mawili, mechi mbili, na msikilizaji hahitaji kuuliza. Tena ile sare ya Zambia haikuwa sare ya kawaida. Simon Msuva alifunga mapema, wapinzani wakabaki 10 uwanjani, na Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. "One all" haisemi lolote kati ya hayo. Kiswahili husema kwamba Tanzania ililazimishwa sare, na aliyelala usingizi wakati wa mechi ataamka na kujua nani aliyeondoka na uchungu.

Kwa kuwa nawaandikia walimu, niseme na makosa yetu wenyewe, maana mtetezi wa lugha asiyeisahihisha si mtetezi. Zipo njia mbili za kutaja mabao, nazo zisichanganywe. Ama tunahesabu kwa tarakimu tupu, "imeshinda tatu bila", ama tunataja jina la kitu na kulipatanisha, "imeshinda kwa mabao matatu". "Mabao tatu" ni kosa, hata likitoka katika kipaza sauti cha gharama kubwa. "Tatu kwa bila" nayo imeenea, lakini sikio langu halijaizoea: "kwa" yangoja idadi, na "bila" yasema idadi haipo, zinagongana mlangoni. "Tatu bila" yatosha. Na neno "bao" walipende wanafunzi kuliko "goli", si kwa chuki ya maneno ya kigeni, kwani hata "suluhu" na "bila" tulipewa na Waarabu tukayavisha nguo zetu, bali kwa sababu lina kumbukumbu. Linatukumbusha mchezo wa bao, wenye mashimo 32 na kete 64, ambao wazee wameucheza na kubishana matokeo yake miaka mingi kabla mpira wa ngozi haujashuka melini. Kutangaza ushindi kwa Kiswahili hakukuanza na mpira.

Mpaka hapa nimesema zaidi juu ya mpira, na mpira ni wa nchi nzima. Lakini Karatu ni nchi ya wakimbiaji, na katika riadha kusoma tarakimu kunataka uangalifu mkubwa zaidi. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Muda wake uliandikwa 3:32.2, na John Walker aliyemfuata 3:32.5. Mwingereza husema "three thirty-two point two", akaacha kutaja dakika na sekunde, naye huelewana na wenzake. Mtu akiitafsiri neno kwa neno, "tatu thelathini na mbili nukta mbili", ameharibu kila kitu. Kwanza hajui msikilizaji kama hiyo tatu ni dakika au ni mita. Pili, na hili walimu wengi hawalitazami, "nukta" katika Kiswahili ni pointi ya desimali, na pia ni jina la zamani la sekunde: saa, dakika, nukta. Mzee aliyejifunza kusoma saa kwa Kiswahili hicho atasikia sekunde thelathini na mbili na sekunde nyingine mbili. Basi isomwe: "dakika tatu, sekunde thelathini na mbili na sehemu mbili za kumi." Ni ndefu, sikatai. Lakini tofauti yote ya Bayi na Walker ilikuwa sehemu tatu za kumi za sekunde, na Walker naye alikuwa ameivunja rekodi ya zamani. Palipo na tofauti ndogo namna hiyo, ufupi si adabu.

Taasisi inayobeba jina la Bayi imekuwa ikiandaa Karatu, mwezi Desemba, tamasha linalokutanisha mbio, baiskeli, mpira, kwaya na ngoma za jadi. Napenda wazo la kuviweka hivyo pamoja. Serikalini nako, kwa miaka mingi, utamaduni na michezo vimekaa chini ya wizara moja, ingawa mafaili yake hayasalimiani mara kwa mara. Ngoma ikitangazwa kwa Kiswahili na mbio zikitangazwa kwa Kiingereza katika kiwanja kile kile, tumewafundisha watoto kwamba utamaduni ni wa kutazama nyuma na kasi ni ya wageni. Nao wageni walikaa nyuma ya Bayi mita zote 1500.

Nisieleweke kwamba nakichukia Kiingereza. Panda kutoka Karatu hadi lango la Lodoare, uingie Hifadhi ya Ngorongoro, utakutana na vijana wanaoishi kwa lugha hiyo. Mwongoza watalii anayesimulia matokeo ya ligi ya Uingereza na mgeni wake, ukingoni mwa kreta, yumo kazini, na sharti azungumze kama wenye lugha: aseme "two nil" na si "two zero", "two all" na si "two two draw", aitaje timu mwenyeji kwanza, na sauti yake ishuke au ipande panapostahili. Mambo hayo hayamo vichwani mwa vijana wengi kwa sababu hayakufundishwa. Mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha pili achukue matokeo sita ya wiki, awasomee wanafunzi wakiwa wamefumba macho, na awatake wabashiri mshindi kabla ya tarakimu ya mwisho. Hilo ni somo la matamshi lisilohitaji kitabu.

Lakini kijana huyo huyo akiwaleta wanafunzi wa Endulen au wa Mbulumbulu kuwasimulia nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978, asiwaambie "three point six million". Sisi tuna laki. Miaka 3,600,000 ni milioni tatu na laki sita, na hapo mtoto ameishika idadi nzima pasipo kuugusa mkia wa desimali. Mwalimu Nyerere aliyafasiri maigizo mawili ya Shakespeare kwa Kiswahili, wafalme na wafanyabiashara wakasema wakaeleweka. Lugha iliyobeba mauaji ya Kaisari haitazidiwa na matokeo ya UMISSETA.

Limebaki jambo la saa, ambalo ni letu peke yetu na ambalo hakuna Mwingereza atakayetusaidia. Sisi tunahesabu saa tangu macheo. Saa mbili za Mswahili ni wakati wa asubuhi ambao jogoo amekwisha nyamaza. Mtangazaji wa mbio ndefu akisema "amefika saa mbili na dakika tisa", nusu ya kiwanja watatazama saa zao. Wengine wamekimbilia "masaa" ili kuonyesha kwamba wanataja muda; ni njia ya mkato, nami naielewa, ila Kiswahili sanifu kina njia iliyo safi, nayo ni kulitanguliza neno "muda".

Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Muda wake ulikuwa 2:09:48. Muda wa Amanal Petros wa Ujerumani, aliyekuwa wa pili, nao ulikuwa 2:09:48. Msomaji wa tarakimu tupu amekwama hapo, kwa lugha yoyote ile. Nimewasikia wanafunzi wa Karatu wakijaribu kulitangaza tukio hilo kwa zamu, na huyu ndiye niliyempa alama zote: "Mbio za marathoni. Wa kwanza, Alphonce Simbu wa Tanzania, aliyetumia muda wa saa mbili, dakika tisa na sekunde arobaini na nane. Wa pili, Amanal Petros wa Ujerumani, muda uo huo. Simbu amemtangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde."